Kauli ya 'mtandao hakuna' inavyowagharimu wafanyabiashara Sumbawanga

JUMAPILI ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika katika eneo la pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na kwa siku kadhaa huduma ya intaneti ilizorota kuanzia maofisi ya Dar es Salaam hadi miji iliyo mbali kabisa na bahari.

Kwa mfanyabiashara wa Sumbawanga, mji ulio juu ya uwanda wa Ufipa na umbali wa zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Bandari ya Dar es Salaam, hitilafu ya aina hiyo huja na sura ile ile ya matatizo mengine yote ya mawasiliano. Kompyuta haifungui, malipo hayapiti, na karani humweleza mteja kwamba mtandao hakuna.

Ni maneno mawili tu, lakini nyuma yake hujificha sababu zisizopungua tano. Huenda umeme umekatika kwenye mnara wa simu. Huenda ruta iliyo juu ya kabati la ofisi imekufa. Huenda laini ya mtoa huduma ina kasoro, au mkongo umekatwa mahali fulani njiani. Pia huenda mawasiliano yote ni mazima, bali mfumo unaotafutwa, ulio katika jiji jingine, ndio uliosimama.

Kila moja ya sababu hizo ina mwenyewe, ina tiba yake na ina gharama yake. Mwenye duka la pembejeo asiyeweza kuzitofautisha atamwita fundi na kumlipa kwa kosa lililoko baharini, au atakaa kusubiri mtoa huduma atengeneze waya ambao kumbe umechomoka chini ya meza yake mwenyewe. Hapo ndipo lilipo somo la kwanza la usimamizi wa mifumo ya TEHAMA katika biashara: hasara kubwa haitokani na hitilafu peke yake, bali na muda unaopotea kabla ya kujua hitilafu iko wapi.

Umeme wa nchi jirani

Mazingira ya Rukwa yanalifanya somo hilo kuwa zito kuliko kwingine. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa kwenye gridi ya Taifa, na ilitegemea umeme ambao Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilinunua kutoka Zambia kupitia Mbala. Mradi wa njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, maarufu kwa jina la TAZA, ulibuniwa pamoja na mambo mengine ili kuondoa utegemezi huo.

Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Nchi hiyo hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na maji, na mgawo mkali ukafuata. Kwa mji ulioshikamana na laini ya jirani, mvua isiyonyesha katika bonde la Mto Zambezi si habari ya kimataifa ya kusomwa na kusahauliwa. Ni habari ya biashara, sawa na bei ya gunia la mahindi.

Msimu wa mvua nao, ambao katika uwanda wa Ufipa huanza takriban Novemba hadi Aprili, huja na radi. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huunguza vifaa ambavyo mwenyewe hakuvipangia bajeti ya kuvinunua upya. Betri ya akiba ya kompyuta, kizuia radi na waya wa ardhini uliofungwa ipasavyo si anasa katika mazingira hayo. Hata hivyo, betri nyingi hununuliwa na kusahauliwa, na siku umeme unapokatika ndipo inapogundulika kwamba zilikwishachoka zamani. Kuzima umeme kwa makusudi mara moja kwa mwezi, baada ya saa za kazi, na kuhesabu dakika ambazo betri inahimili, ni jaribio lisilogharimu shilingi hata moja.

Mfumo ulio mikononi mwa wengine

Sehemu ya pili ya utegemezi ni mifumo ambayo mfanyabiashara huitumia kila siku lakini haimiliki. Mei 2018 mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) unaopokea taarifa za mashine za EFD ulipata hitilafu iliyodumu kwa siku kadhaa, na wafanyabiashara walilazimika kurejea kwenye stakabadhi za kuandikwa kwa mkono. Aliyekuwa na vitabu vya stakabadhi dukani aliendelea kuuza kwa utulivu. Asiyekuwa navyo alibaki kati ya kupoteza wateja na kuuza bila stakabadhi.

Aidha, kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, huduma ya intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hakuna betri wala ruta ambayo ingemsaidia mfanyabiashara katika hali hiyo. Kilichomsaidia ni utaratibu uliokuwapo kabla: orodha ya bei iliyochapishwa, daftari la madeni linaloweza kusomwa bila kompyuta, na fedha taslimu za kuendeshea shughuli.

Kwa sababu hiyo, kila biashara inayotegemea kompyuta inapaswa kuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa, unaoeleza nini kifanyike mfumo ukisimama kwa saa moja, kwa siku nzima na kwa wiki. Ukurasa huo ukae ukutani, kwa kuwa ukihifadhiwa ndani ya kompyuta utapotea pamoja na tatizo lenyewe.

Kujua kabla ya mteja

Kununua mfumo ni jambo moja na kuufuatilia ni jingine. Mfano ulio wazi unatoka katika halmashauri. Kwa miaka kadhaa ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimetaja mashine za kukusanyia mapato, yaani POS, ambazo zilikutwa haziko hewani kwa muda mrefu bila maelezo ya kutosha. Mashine isiyo hewani inaweza kuwa imeharibika, imepotea, au inakusanya fedha ambazo ofisi haizioni.

Mashine hizo zilikuwa na mfumo nyuma yake, na mfumo unaweza kuonyesha ni lini kila mashine iliwasiliana mara ya mwisho. Taarifa ya namna hiyo ina faida pale tu anapokuwapo mtu ambaye kazi yake, kila asubuhi, ni kuitazama na kuuliza mashine namba fulani imekuwa wapi tangu jana.

Biashara binafsi zina udhaifu kama huo. Ghala la nafaka huweza kuwa na kompyuta tatu, mizani ya kielektroniki, kamera na mashine ya EFD, lakini pasiwe na orodha ya vifaa hivyo. Ufuatiliaji huanza na orodha hiyo: kifaa gani, kiko wapi, kilinunuliwa lini, nani anakitunza. Hatua inayofuata ni kuvikagua kwa mpangilio, kutoka ndani kwenda nje. Je, ruta ya ofisi inajibu? Ikijibu, je, kituo cha mtoa huduma kinajibu? Kikijibu, je, mfumo wa mbali unajibu? Maswali hayo matatu, yakiulizwa kwa mfuatano, humaliza sehemu kubwa ya ubishi kati ya mteja, fundi na kampuni ya simu.

Zipo programu zinazofanya kazi hiyo usiku na mchana na kutuma ujumbe kifaa kinapoacha kujibu. Nagios na Zabbix ni miongoni mwa zile zinazopatikana bila malipo ya leseni, na kompyuta ya zamani hutosha kuziendesha katika ofisi ndogo. Tahadhari moja ni muhimu. Programu inayotuma ujumbe kwa kila jambo dogo huwachosha watu, na baada ya wiki mbili hakuna anayeusoma. Ujumbe utumwe kwa jambo linalohitaji mtu ainuke kitini. Mengine yasubiri taarifa ya asubuhi.

Anayeona programu hizo ni mzigo anaweza kuanza na daftari. Kila mwenye mashine ya EFD amezoea ripoti ya Z, ambayo hufunga hesabu za siku. Mfumo nao unaweza kufungiwa siku yake kwa mistari michache: huduma ilikatika saa ngapi, ilirudi saa ngapi, chanzo kilikuwa nini, nani alitengeneza.

Daftari hilo ni silaha wakati wa kudai haki. Mtoa huduma anayeahidi kwamba huduma itapatikana kwa asilimia 99 ya muda amejiachia takriban saa saba za kukatika kwa kila mwezi wa siku 30. Asilimia 99.9 humwachia dakika 43 tu. Tofauti hiyo haionekani kwenye karatasi ya mkataba, lakini saa saba zikiangukia siku ya kuwalipa wakulima waliosafiri kutoka Laela au Mpui, tofauti huonekana wazi. Mteja mwenye kumbukumbu za miezi sita husikilizwa. Mwenye malalamiko matupu huambiwa asubiri.

Mbegu haiwekwi kihenge kimoja

Mkulima makini haweki mbegu yote katika kihenge kimoja, kwani moto au panya wa usiku mmoja huweza kumaliza msimu ujao. Kanuni hiyo ndiyo wataalamu wa TEHAMA duniani wanaitumia kwa nakala rudufu: nakala tatu za taarifa, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo.

Kosa la kawaida ni kuhifadhi nakala katika diski iliyochomekwa muda wote kwenye kompyuta ile ile. Radi ikipiga, vyote viwili huungua. Kirusi cha kudai fidia kikiingia, hufunga vyote viwili. Kosa jingine ni kutojaribu kuirejesha nakala hiyo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu, na matumaini hayarudishi madeni ya wateja 200.

Mabadiliko bila majaribio

Wakati mwingine mfumo huangushwa na mtunzaji wake. Julai 19, 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza marekebisho yenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows zikazimika duniani, zikiwamo za mashirika ya ndege, hospitali na benki. Hakukuwa na mhalifu. Kulikuwa na badiliko lililotumwa kwa wengi kabla ya kuonekana vizuri kwa wachache.

Somo lake kwa ofisi yenye kompyuta tano ni jepesi. Badiliko lolote lijaribiwe kwenye kompyuta moja, lisubiriwe kwa siku moja au mbili, ndipo lifuate kwa nyingine. Tena lisifanywe katikati ya msimu wa ununuzi wa mahindi, wakati foleni ya wauzaji iko mlangoni.

Funguo ziko kwa nani?

Suala la mwisho ni la watu. Katika miji midogo fundi mmoja huhudumia maduka mengi, na si ajabu nenosiri la ruta, la kamera na la programu ya mauzo vikawa kichwani mwake peke yake. Akihama kwenda Mbeya, biashara hubaki nje ya mlango wake yenyewe. Mmiliki anapaswa kuwa na nakala ya funguo zote katika bahasha iliyofungwa, na kuzibadilisha kila mtumishi anapoondoka.

Sasa hilo linagusa pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Orodha ya wakulima yenye majina, namba za simu na akaunti za benki ni mali yenye dhamana.

Watakaosema kwamba haya ni mambo ya mabenki na kampuni kubwa wana hoja, lakini nusu tu. Mfanyabiashara wa Sumbawanga hawezi kuvuta waya wa pili baharini, wala kuleta mvua Zambia. Wajibu wa kuhakikisha mikoa ya pembezoni ina njia zaidi ya moja ya umeme na mawasiliano ni wa Serikali, mashirika yake na wadhibiti, na wanapaswa kuulizwa juu yake bila kuchoka. Lakini swali hilo huulizwa kwa nguvu zaidi na mtu mwenye tarehe, saa na chanzo mkononi. Mwenyeji wa mji ambao jina lake, kwa Kifipa, huelezwa kuwa na maana ya kutupa uchawi, hana sababu ya kuendelea kuikubali kauli ya 'mtandao hakuna' kana kwamba ni nguvu isiyo na asili. Ina asili, na mara nyingi inaweza kujulikana kabla mteja hajafika kaunta.