Msomi Ni Yule Asomaye

Siku hizi kijana akirudi kwetu Rondo, mkoani Lindi, na shahada kutoka Dar es Salaam, huitwa msomi kabla hajatua begi. Si vibaya kumheshimu. Lakini jina hilo ni deni, na wengi wetu hatulilipi.

Waholanzi humwita mtu wa namna hiyo "geleerde", yaani aliyefundishwa. Wajerumani waliotutawala hapa Lindi nao wana neno la ukoo uleule. Hayo ni majina yanayotazama nyuma: mtu alikwisha kufundwa, basi. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Mpishi ni apikaye, msusi ni asukaye, mfinyanzi ni afinyangaye. Msomi naye ni asomaye. Je, aliyeacha kusuka tangu ujana wake twaweza kumpelekea kichwa kwa kuwa zamani alikuwa msusi?

Jina la mwanachuoni ni zito zaidi. Chuo, kabla hakijawa jengo, kilikuwa kitabu. Ndivyo wazee wa pwani walivyosema, na kamusi za wamisionari wa karne ya 19 zimeandika hivyo. Hapo Kilwa, Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman akiwatukuza watu wa dini, naye akamsifu kwa hilo. Tena alimu, mwalimu na mtaalamu wote wametoka katika shina moja la elimu, hata ni shida kumtenga ajuaye na afundishaye.

Wakoloni walipozifanya herufi za Kilatini kuwa ndizo za ofisi, mzee wa Kilwa aliyeandika barua zake kwa herufi za Kiarabu akageuka mjinga kwa siku moja. Dhuluma ile tumeirithi, ila sasa kipimo chetu ni cheti. (Mzee wa Rondo anayeutambua mvule kwa gome lake simwiti msomi, yeye ni mjuzi, na jina hilo lamtosha.)

Rondo haina udhuru. Hapa kipo Chuo cha Theolojia cha St. Cyprian, ambako makasisi wamefundwa, na kasisi asiyefungua kitabu waumini humtambua Jumapili ya pili. Mwenye shahada, nani humkagua?

Basi vijana wetu mnaorudi na vyeti, njooni na vitabu pia. Someni, kisha ketini na watoto wa shule za msingi hapa Rondo muwasomeshe. Asiyetaka kusoma wala kusomesha na aitwe mwenye shahada; hilo ni jina la haki, wala si tusi.