Kula Hotelini na Wenzako

Imekuwa desturi yetu sisi wa Cyanzarwe, likizo ifikapo, kuteremka Gisenyi pamoja na wenzetu waliokwisha kumaliza shule, tukaketi karibu na ziwa na kuagiza chakula. Desturi hiyo ni njema, wala siipingi. Neno langu ni juu ya namna ya kuagiza na kulipa.

Wako wapendao kila mtu awe na sahani yake. Mimi naona heri visahani viwekwe katikati ya meza: sambaza za kukaanga, mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma, viazi, na pilipili kando. Sambaza hasa zafaa, maana ni nani awezaye kumhesabia mwenzake visamaki vidogo kama kidole? (Tena samaki hao ni wageni, kama sisi tulivyo mjini: waliletwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wavuvi huwavua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeungwa kwa miti mirefu.) Huko Venice, katika Italia, marafiki hukutana jioni wakala visahani viitwavyo cicchetti pamoja na bilauri ndogo ya divai, mara nyingi wakiwa wamesimama. Na watu wa pwani huzunguka sinia moja la wali.

Shida huja mwisho, mtumishi aletapo hesabu. Mmoja husema, "Tugawe sawasawa." Maneno matamu hayo! Aliyekunywa bia tatu analipa sawa na aliyekunywa soda moja, na huyo wa soda mara nyingi ndiye asiye na kazi, ambaye baba yake analima viazi huku juu. Hunyamaza kwa haya. Safari ya pili ukimwita atakuambia ana homa. Safari ya tatu hutamwita. Basi urafiki wa miaka sita ya darasani umekwisha, wala hapakuwa na ugomvi.

Wazee watasema kugawana hesabu ni aibu, aliyealika na alipe. Zamani za pombe ya mtama, chungu kimoja na mirija mingi, neno hilo lilikuwa na nguvu, kwani mtama ulitoka shambani kwake. Leo kila kitu ni faranga, na mwenye mshahara akilipa kila mara hugeuka bwana mkubwa, wengine wakacheka hata asipochekesha.

Nashauri hivi: kabla ya kuketi kitajwe kiasi ambacho hata mwenye kidogo aweza kukitoa, visahani viagizwe kwa fedha hiyo, na kila mtu ajilipie kinywaji chake. Atakaye kuongeza mishikaki na aongeze kwa fedha zake, bila kutangaza. Mtumishi naye aambiwe mapema aandike vinywaji katika karatasi mbalimbali. Akiambiwa baada ya chupa kuondolewa mezani, hesabu haitapatikana tena.