Gesi ya kupima kwanza, marufuku baadaye

Mwandishi unayetaka mkaa upigwe marufuku, misitu inaisha kweli, sikupingi. Ila umemruka mnunuzi. Mama lishe wa Manzese hununua mkaa kwa kopo kwa sababu hela yake ni ya siku hiyo hiyo. Gesi ya mtungi wa kilo 6 inamtaka atoe fedha zote kwa mkupuo. Hata mtungi akigawiwa bure, kuujaza tena ni shughuli. (Mitungi ya kugawiwa mikutanoni nimeiona sana, mingine sasa iko uvunguni mwa kitanda.)

Na marufuku tulishaijaribu. Mwaka 2006 serikali ilisimamisha biashara ya mkaa, bei ikapaa, na baada ya muda mfupi tu zuio likaondolewa.

Tazama wilaya ya Kilosa. Vijiji vilivyopanga matumizi ya ardhi yao vilitenga sehemu ya msitu, vikavuna miti ya mkaa kwa vitalu katika mzunguko wa miaka 24 ili visiki vichipue, na ushuru ukabaki kijijini kujenga madarasa na zahanati. Utaratibu huo nao ni sheria ya mazingira, tena kali, ila mchoma mkaa mwenyewe ana sababu ya kuilinda.

Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Basi wahusika, sambazeni kwanza hadi uswahilini gesi ya kulipia kadiri mtu anavyotumia, hata ya shilingi elfu moja. Marufuku ije baadaye; muuza mkaa mtamkuta pale pale.