Mtoto atazame kitasa kwanza

Mzazi, kama mwanao hurudi shule kabla yako, yeye ndiye atakayeukuta mlango uliochezewa. Mfundishe kuutazama kabla ya kuingiza ufunguo.

Mikwaruzo ipo kwenye kila kitasa. Hata funguo zetu huikwaruza. Ya zamani hufifia na kushika uchafu. Ya kutilia shaka ni mipya inayong'aa, hasa kuzunguka tundu la ufunguo au kwenye vichwa vya skrubu. Tazama na fremu: rangi iliyobanduka au ubao uliobonyea usawa wa ulimi wa kitasa huenda ni kazi ya bisibisi. Ufunguo uliozunguka vizuri jana leo unakwama? Labda ni kutu tu, lakini asiulazimishe.

Kwenye grili, wengi hukagua kufuli, kubwa na la bei, wakasahau tumbuu zinazolishikilia.

Akiona dalili, asiingie kuhakikisha; mtu anaweza kuwa bado yumo ndani. Aende kwa jirani akupigie simu. Nawe piga picha, usifute kitu hadi polisi waone. Kisha badilisha kitasa siku hiyohiyo, hata kama hakuna kilichoibwa.