Hesabu ya tajiri ni ajira

Mwenye daladala akimnyang'anya dereva funguo kwa sababu hesabu haikufika, hajioni kama mwajiri aliyemfukuza mtu kazi. Gari ni lake, amelichukua, basi. Kesho suka mwingine ataliingiza barabarani kati ya Mbagala na Makumbusho, na aliyeondolewa atakuwa deiwaka, anasubiri kituoni mwenzake achoke ampe tripu mbili tatu.

Mpango wenyewe Dar es Salaam nzima inaujua. Tajiri, yaani mwenye gari, anataja hesabu ya siku, pesa anayotaka kuletewa. Mafuta na faini za trafiki ni juu ya dereva. Kinachobaki anagawana na konda. Kisipobaki kitu, wanalala hivyo hivyo. Ndiyo maana magari hukatisha ruti na kuwakimbia wanafunzi wa nauli pungufu. Abiria humtukana konda, naye tajiri yuko kwake anasubiri pesa.

Matajiri wengi hudai hawajaajiri mtu, wamekodisha gari tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeshawajibu. Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: anapewa vitendea kazi, anamtegemea kwa kipato yule anayemfanyia kazi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Dereva anayetoka saa 11 alfajiri na kulaza gari saa 4 usiku anazimaliza saa hizo siku ya tatu.

Halafu kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka huo huo. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, mambo ambayo ukiyataja kituoni utachekwa. Lakini inasema pia kwamba shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Karatasi ambayo tajiri alikwepa kuiandika inaweza kumgharimu yeye.

Karatasi hiyo si dai jipya. Mwaka 2015 madereva waligoma, abiria wakakwama Ubungo, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai.

Tatizo la kwenda kulalamika ni muda. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja halindwi na kanuni za kuachishwa isivyo haki. Kwa watu wanaobadilisha magari kila mara, hilo ni pengo kubwa. Maafisa kazi wana mamlaka ya kukagua sehemu za kazi. Wangeanzia Mbagala Rangi Tatu, asubuhi, badala ya kusubiri fomu ofisini.

Wakati huo huo, dereva anayetuma hesabu kwa simu kila jioni asifute meseji. Zina jina la tajiri, kiasi na tarehe.