Pawasaplai si chaja, mafundi wafunzwe kabla ya moto

Anayetoka Bulembia, chini ya mgodi wa Kilembe, akapita mjini Kasese na kuteremka Bwera hadi mpakani Mpondwe, hakosi kuziona meza za mafundi simu. Juu ya nyingi kati ya meza hizo kuna kisanduku chenye tarakimu zinazowaka, vitufe vya kuzungusha na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kuchukua umeme wa ukutani wa volti 240 na kuugeuza uwe umeme mdogo unaokwenda upande mmoja kama ule wa betri, kwa kiasi anachokitaka fundi.

Kifaa hiki kimewapatia riziki vijana wengi, wakiwemo ndugu zetu waliorejea kutoka Dubai, Saudi Arabia na Qatar na kuweka akiba yao katika kibanda na vifaa vichache. Tunawapongeza. Hata hivyo, wengi hukinunua bila kitabu cha maelezo, au chenye kitabu kilichoandikwa kwa lugha wasiyoijua, kisha hukitumia kama chaja ya kawaida. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Hasara haimwangukii fundi peke yake. Simu ya mfanyabiashara wa mpakani siku hizi ndiyo pochi yake, daftari lake la wadeni na njia yake ya kuwasiliana na wateja walioko Kasindi, Beni na Butembo. Ikiunguzwa mezani, biashara ya wiki nzima huyumba. Na vibanda vyetu vimejengwa kwa mbao, ukuta kwa ukuta. Betri moja ikilipuka usiku, jirani muuza vitenge naye amekwisha.

Kosa la kwanza hufanyika hata kabla ya kuwasha. Vifaa vingi vinavyotoka ng'ambo vina swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti 110 au 220. Ikiachwa kwenye 110, kifaa huungua mara tu kinapochomekwa ukutani. Mnunuzi aitazame swichi hiyo dukani, kabla ya kulipa.

La pili ni plagi. Upande wetu wa Uganda tunatumia plagi ya pini tatu za mraba, yenye fyuzi ndani. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kongo, soketi nyingi ni za matundu mawili ya duara. Kwa kuwa bidhaa zinavuka kila siku, baadhi ya watu hukata plagi na kuuacha waya wa athi ukining'inia. Waya huo ndio unaomwokoa fundi endapo umeme utavuja na kuingia kwenye bodi ya chuma. Kuukata ni kuondoa kinga. Vivyo hivyo, fyuzi iliyokatika ikizibwa kwa karatasi ya sigara si fyuzi tena.

Watu wa Bulembia wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukaharibu nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Kifaa chochote cha umeme kilichowahi kuzama majini kisichomekwe kwa sababu tu kinaonekana kimekauka. Tope hubaki ndani na kupitisha umeme. Anayenunua kifaa kilichotumika aulize kilikotoka, akinuse, atazame kama kina kutu kwenye skrubu na matundu ya hewa.

Baada ya hapo, utaratibu ni mwepisi na hauhitaji shahada. Kifaa kiwekwe mahali pakavu, mbali na karatasi na spiriti ya kusafishia, na matundu yake ya hewa yasizibwe. Kiwashwe kikiwa hakijaunganishwa na kitu, vitufe vyote vikiwa chini kabisa. Fundi apandishe volti taratibu hadi anapotaka, kisha athibitishe kwa mita, maana tarakimu za kifaa cha bei rahisi zinaweza kudanganya. Kwa simu nyingi, volti 4 hivi zinatosha, kwa kuwa betri yake ni ya volti 3.7 na hujaa ikifika 4.2.

Kisha aweke kikomo cha ampia. Hili ndilo wengi hulipuuza, na ndilo linalotofautisha pawasaplai na chaja. Kwenye kifaa chenye kitufe cha ampia, fundi hushusha volti, hugusanisha ncha za waya mwekundu na mweusi kwa muda mfupi, halafu huzungusha kitufe hadi kiasi anachokitaka, tuseme ampia 1, kisha huzitenganisha na kurudisha volti zake. Kifaa kisicho na kitufe hicho kisifanyiwe hivyo hata kidogo.

Sasa azime, aunganishe nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, atazame mara ya pili, ndipo awashe. Simu ambayo haijabonyezwa haipaswi kula umeme wa maana. Ikianza kula kabla ya kubonyezwa, ndani kuna shoti. Na ikiwa volti zinaanguka huku ampia zimegota kwenye kikomo, kifaa kinamwambia fundi aache. Anayejibu onyo hilo kwa kuongeza ampia anachoma simu ya mwenzake huku anatazama.

Kuhusu betri, tunasisitiza mambo matatu. Betri iliyovimba isichajiwe kwa njia yoyote. Volti zisizidi zile zilizoandikwa juu ya betri yenyewe. Na betri inayochajiwa isiachwe peke yake, sembuse kuachwa usiku kucha. Betri za sola za volti 12, ambazo hutumika sana vijijini kwetu, hutoa gesi inayowaka zinapochajiwa, kwa hiyo zikae penye hewa na mbali na sigara. Kazi ikiisha, betri itolewe kwanza, ndipo kifaa kizimwe, kwani betri inaweza kurudisha umeme ndani ya kifaa.

Wapo wanaosema volti 12 haziui. Mara nyingi ni kweli kwamba hazirushi mtu, lakini volti 12 zikibeba ampia 30 ni wati 360, na zikipita kwenye pete au waya mwembamba huwa ni moto. Isitoshe, ndani ya bodi ya kifaa kuna umeme wa ukutani, na sehemu nyingine hubaki na chaji hata plagi ikishatolewa. Asiyesomea asifungue.

Maarifa haya si mageni kwetu. Mgodi wa Kilembe ulikuwa na kituo chake cha umeme cha Mubuku, cha megawati 5. Kuanzia mwaka 1999 kiwanda cha kobalti cha Kasese kilichakata masalia ya mgodi huo, na hatua yake ya mwisho ilikuwa kuvuta kobalti kutoka kwenye maji kwa umeme huu huu unaokwenda upande mmoja, ila kwa kiwango kikubwa mno. Bila shaka wapo miongoni mwetu wazee waliofanya kazi huko na ambao hawakugusa swichi bila kufuata utaratibu. Ni aibu ujuzi huo uzeeke nao huku wajukuu wao wakijifunza kwa kuunguza.

Kwa hiyo tunatoa wito. Manispaa ya Kasese na halmashauri ya wilaya zishirikiane na vyuo vya ufundi kuandaa mafunzo mafupi, kwa lugha ambazo mafundi wanazielewa, yakiwemo Kiswahili na Lhukonzo. Wazee wa Kilembe waalikwe kufundisha. Shirika la viwango, UNBS, likague vifaa hivi madukani na sokoni, lisiishie kwenye maghala ya Kampala. Tangu Kongo iingie rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, bidhaa hazina sababu ya kuvuka bila viwango kuvuka nazo.

Wafanyabiashara wanaoleta vifaa hivi nao wana wajibu. Wauze kifaa kikiwa na plagi yake kamili, wakiwashe na kukipima mbele ya mnunuzi, na wampe karatasi ya maelezo anayoweza kuisoma. Nawe mteja, kabla ya kumkabidhi fundi simu yako, mtazame anavyoanza kazi. Akiweka volti na kikomo kwanza, mwachie. Akiunganisha nyaya kabla ya kutazama tarakimu, chukua simu yako uende meza ya pili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado ni mdogo, na kuuziba ni kazi ya siku chache za mafunzo. Tusingoje soko liteketee ndipo tuunde kamati ya kuuliza nani alisahau kuzima.