Mtoto asiyesema vizuri anahitaji mwalimu na mtaalamu washirikiane

Katika shule nyingi za vijijini nchini Kenya, hukosi mtoto anayekaa kimya nyuma ya darasa. Akiulizwa swali, anainama. Akijaribu kusema, wenzake wanacheka. Wapo wanaomwita mvivu, na wapo wanaosema ataongea akikua. Lakini huenda ana kigugumizi, hasikii vizuri, au anaelewa kila kitu ila maneno hayatoki.

Sera ya elimu ya mwaka 2018 inataka watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao. Ni jambo jema. Hata hivyo, mtoto anaweza kukaa darasani mwaka mzima bila kushiriki somo hata moja.

Wanaosomea tiba ya matamshi na lugha ni wachache, na wengi wako mijini. Katika kanda yetu, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianza kuwafundisha mwaka 2008 tu. Mtaalamu akimwona mtoto, ni kwa muda mfupi. Mwalimu yuko naye kila siku.

Ndiyo maana tunasema wawili hawa wanahitajiana. Mwalimu anajua mtoto anakwama wapi: kusoma kwa sauti, kufuata maagizo au kucheza na wenzake. Mtaalamu anajua la kufanya. Mwenye kigugumizi asikatizwe wala kumaliziwa maneno. Asiyesikia vizuri akae mbele, na mwalimu asizungumze akiwa ameelekea ubao. Ambaye maneno hayatoki aruhusiwe kujibu kwa picha au ishara. Haya yanawezekana hata katika darasa la watoto sitini.

Kinachokwamisha ni kwamba mara nyingi mtaalamu yuko hospitalini na mwalimu yuko shuleni. Ripoti hubaki kwenye faili, mwalimu asijue lolote. Tangu mwaka 1984, Kenya ina vituo vya kutathmini watoto chini ya Wizara ya Elimu, vinavyojulikana kama EARC. Hivyo ndivyo vingekuwa daraja kati yao.

Mzazi, usingoje. Anza kwa kumpima mtoto masikio. Mwombe mwalimu mkuu akuelekeze kituo cha EARC kilicho karibu. Ukimwona mtaalamu, mwombe aandike kwenye daftari mambo mawili au matatu ya kufanya darasani, kisha umpelekee mwalimu mwenyewe. Naye mwalimu aandike humo maendeleo ya mtoto, mtaalamu ayasome mtakaporudi.